Nguzo Moja Kukimbia, Nguzo Mbili Kutembea

Kocha hakukimbia mbele yetu hata siku moja. Walimu wengine wa mazoezi, wale ninaowaona kwenye simu wakirukaruka na nguo za kubana, hukaa mbele ili watu wawaige. Yeye alikaa nyuma, filimbi mdomoni, macho kwenye migongo yetu. Alisema mtu anaweza kukuchekea usoni huku mgongo umeshakata tamaa. Kazi yake, alivyotuambia tangu mwanzo, ilikuwa moja tu: asianguke mwanamke barabarani akiwa chini ya filimbi yake. Na kweli, kwa miaka yote tuliyokuwa naye kwenye ile barabara ya vumbi ya kwenda Mwakirunge, hakuanguka hata mmoja wetu. Alianguka yeye.

Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani namficha kitu. Kocha tumeshamzika. Nilimwona mara ya mwisho siku chache kabla ya kiharusi cha pili kummaliza, na huko nitafika. Lakini siwezi kuanzia kitandani. Nikianzia kitandani mtamwona mgonjwa, na yeye alichukia kuonekana mgonjwa kuliko alivyochukia mafuta yangu ya kukaangia. Nampenda, na nina hasira naye hadi leo, na sioni kwa nini nichague moja.

Alikuwa mwembamba. Naliweka hili wazi kwa sababu wembamba wake ulitudanganya sote, na ulimdanganya yeye kwanza. Shingo ndefu, miguu mirefu, tumbo hakuna. Alivaa suruali ya mazoezi, na juu yake dera, kwa sababu mchungaji wa kanisa lao alikuwa amesema neno kuhusu wanawake wenye suruali, na Kocha hakutaka ugomvi na mchungaji wala hakutaka kukimbia na sketi. Alipotaka kutuonyesha jambo alilikunja lile dera akalichomeka kiunoni. Alipomaliza akalishusha. Umri wake ulikuwa wa kuamkiwa shikamoo, lakini ukimwamkia katikati ya mazoezi hakuitikia mpaka ufike kwenye nguzo.

Nguzo zilikuwa za stima, zile za mbao zilizopangwa kando ya barabara. Kocha hakuwa na saa ya mkononi wala hakuitaka. Darasa lake lote lilipimwa kwa nguzo. Mgeni alianza hivi: kutoka nguzo hii hadi ile, unatembea kwa haraka, kama mtu aliyeanua nguo nusu na mvua inakuja. Nguzo mbili zinazofuata, unatembea polepole, kama unatoka kanisani. Halafu tena haraka, halafu tena polepole, mpaka aseme basi. Siku za mwanzo basi lilikuja mapema sana, hata ukaona aibu kwamba umevaa raba kwa ajili ya jambo dogo vile. Baada ya wiki kadhaa, ile nguzo ya haraka unaikimbia. Ukizoea sana, unaikimbia kwa nguvu zako zote. Lakini zile nguzo mbili za kutembea hazikupungua kamwe, na hazikurukwa, na hapo ndipo wengi walipogombana naye.

Kwa sababu sisi wanawake wa Kisauni tunajua kazi, lakini kupumzika hatukufundishwa. Mtu akiamua kupunguza mwili anataka kuumia kweli kweli, ajue kwamba amelipa. Kutembea polepole barabarani asubuhi, mikono mitupu, huku wenye bodaboda wanakutazama, tuliona ni uvivu. Kocha alisema kule kutembea ndiko zoezi, na kule kukimbia ni kutafuta sababu ya kutembea tu. Alisema moyo unafundishwa wakati wa kushuka. Moyo unaojua kupanda na haujui kushuka, alisema, ndio unaotuzika.

Alikuwa na kipimo chake. Mkimaliza kukimbia mnatembea, naye anapita nyuma ya kila mmoja na kuuliza: "Jana jioni umekula nini?" Lazima ujibu sentensi nzima, kwa pumzi moja, bila kukata. Ukikata, hukimbii na wenzako filimbi ikilia. Unaendelea kutembea mpaka uweze kusema.

Kulikuwa na msichana mmoja wa bara, Njeri, aliyefanya kazi kwenye ofisi moja huku kwetu na alikuwa na harusi mbele yake. Huyo alitaka kukimbia nguzo zote.

"Kocha, si tuunganishe tu? Mimi niko poa, wallahi. Gauni halifungi na siku zinaisha."

Wallahi alikuwa amejifunza kwetu, akaitia kila mahali.

"Jana jioni umekula nini?" Kocha akamuuliza.

"Nilikula... chapo... na... ma..."

"Tembea."

"Lakini Kocha..."

"Hujamaliza sentensi, mwanangu. Moyo wako bado uko nguzo ile ya nyuma. Tembea uungoje."

Tulicheka mpaka wenzetu wenye buibui wakashika mitandio. Njeri alinuna, akatembea. Gauni lilifunga, si kwa siku aliyotaka, ila kwa siku iliyohitajika. Na kwa jinsi Kocha alivyoijua njaa ya watu ya kutaka mambo upesi, aliwaambia wote waliokuja kwa ajili ya tumbo kwamba tumbo huondoka mwisho. Utaanza kulala vizuri, alisema, halafu utapanda ngazi bila kushika ukuta, halafu uso utapungua na watu watakuuliza kama unaumwa, na tumbo liko pale pale. Usiligombeze. Kulikuwa na mama mmoja aliyeuza chai ya majani ya kupunguzia mwili, akaja kutusalimia na pakiti zake. Kocha akamkaribisha kwa adabu, akampa nguzo moja ya haraka, akamuuliza jana amekula nini. Yule mama hakurudi.

Mimi nilikwenda kwake kwa sababu ya woga. Wengine watasema urembo, watasema afya. Mimi niliogopa kufa. Mamangu alianguka jikoni akiwa na mwiko mkononi, na presha ndiyo iliyomwangusha, na hakuna aliyewahi kumpima. Nilipofika umri wake wa wakati ule, nikajiangalia nilivyonenepa, nikaanza kuogopa jiko langu mwenyewe. Nami kazi yangu ni jiko: nakaanga mahamri na viazi vya karai pale kituoni Kiembeni, nauza asubuhi na jioni. Kocha aliniita Mama Mahamri tangu siku ya kwanza.

"Wewe ndiye unayeniletea wanafunzi," aliniambia. "Unawanenepesha jioni, mimi nawakimbiza asubuhi. Tungefungua kampuni."

Lakini hakunikimbiza. Hakumkimbiza mtu yeyote bila kumpeleka kwanza kupimwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya kikundi chetu, na hakuna aliyeipita, hata mke wa mzee wa kanisa. Mgeni anaambiwa siku, Kocha anampitia nyumbani, wanakwenda pamoja zahanati, wanapanga foleni pamoja. Ukiitwa ndani, Kocha anachukua mkoba wako, anaupakata, anasimama pale pale karibu na meza ili asikie namba kwa masikio yake. Alijua kwamba watu tunapunguza namba njiani.

Yangu ilikuwa mbaya. Nesi aliirudia mara ya pili, akanitazama usoni. Machozi yakanitoka. Kocha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza bei ya nyanya Kongowea: "Anaweza kutembea?" Nesi akasema anaweza, ila polepole, na ameze dawa, na kukimbia kusubiri mpaka ishuke. "Basi atatembea," Kocha akasema. Na alinitembeza miezi mingi, wenzangu wanakimbia mbele mimi nakokota raba, na kila asubuhi kabla ya salamu ananiuliza: "Umemeza?" Siku niliyodanganya alijua. Alinirudisha nyumbani nikameze.

Sasa hapo zahanati, siku ile ile yangu, nesi alimgeukia. Alikuwa msichana mpole, mashine bado iko mkononi.

"Na wewe, mama? Kaa hapo nikupime, si hata dakika."

"Mimi nimemsindikiza tu, mwanangu."

"Aa, lakini uko hapa..."

"Aka! Mtanipima nini, mifupa?"

Foleni nzima ikacheka. Mimi nikacheka, machozi yakiwa bado usoni. Nimeambiwa na wenzangu kwamba kila mmoja wao alisikia maneno hayo hayo siku yake. Nimesindikiza tu. Alisindikiza watu miaka yote hiyo, mikoba ya watu kifuani, na mkono wake mwenyewe haukuwahi kuingia kwenye ile mashine.

Mara moja nilipata sababu. Tulikuwa tunarudi kwa miguu kutoka zahanati, yangu imeshuka kwa mara ya kwanza, nina furaha, na labda furaha yangu ndiyo iliyomfungua mdomo. Akaniambia alikuwa na mdogo wake wa kiume. Huyo mdogo wake alikuwa na kizunguzungu, basi, kizunguzungu tu, akaenda hospitali akapimwa akaambiwa namba. "Akarudi na ile namba nyumbani," Kocha akasema. "Akakaa nayo, hakula. Akalala, asubuhi hakuamka."

"Lakini Kocha, alikufa kwa presha. Hakufa kwa kuambiwa."

"Najua, Mama Mahamri. Kwani mimi sijui? Ndiyo maana nawaleta."

Kwetu mtu mzima haulizwi kama ameoga, kama amekula dawa, kama amepimwa. Yeye ndiye anayekuuliza. Ulimi wangu ulikuwa umeshafika kwenye meno, nikaurudisha. Tukazungumza habari ya bei ya unga mpaka tukaachana.

Mambo yake mengine yalikuwa hivyo hivyo, kushoto na kulia. Alitukataza chumvi. Alisimama katikati yetu akatuambia chumvi inavuta maji, inaibana mishipa, mtoe vikopo vya chumvi mezani. Halafu Jumamosi unamkuta sokoni Kongowea, kati ya wasukuma mikokoteni wanaopiga kelele za kupishwa, ameinama kwenye meza ya ng'onda, ananusa wale samaki wakavu waliojaa chumvi nyeupe, anachagua. Ukimsalimia hashtuki wala hafichi. "Mimi sina mwili wa kupunguza," alisema. Alitufundisha kupumzika, lakini yeye mwenyewe hakukaa chini. Asubuhi yuko nasi, akitoka hapo yuko sokoni akiuza vitunguu, jioni amekwenda kumtazama mwanachama aliyekosa. Hata zile nguzo mbili za kutembea, sisi tukitembea yeye alikwenda mbio mbio mstari mzima, kutoka wa mwisho hadi wa kwanza, akiuliza watu wamekula nini. Kila nguzo kwake ilikuwa ya kukimbia. Hakuna aliyemuuliza yeye amekula nini.

Barabara yetu haikuwa nzuri, nisije nikaipamba. Mbele yake kuna jaa la taka, na upepo ukigeuka moshi unashuka mpaka kwetu. Kocha alifika wa kwanza, akasimama, akainua pua. Kama kuna moshi, anatupungia mkono turudi nyumbani, na hakuna mjadala. Halafu kuna malori yanayobeba mawe kutoka machimboni. Hayo yalianza kupita jua likichomoza, ndiyo maana tulitoka alfajiri. Madereva walitujua. Walitoa vichwa madirishani: "Akina mama, polepole, mtaivunja barabara kabla yetu!" Mmoja alikuwa na mdomo mchafu zaidi, kila siku ana neno juu ya makalio ya mtu. Kocha alimpulizia filimbi mpaka akapita. Nitamtaja tena huyo dereva.

Na sasa kile kitambaa.

Mazoezi yakiisha, Kocha alikuwa na jambo lake. Alitoa mkobani kipande cha leso kuukuu, kanga iliyochakaa, akakikunja kwa urefu, akakifunga kichwani, juu kidogo ya nyusi. Hakukifunga kwa urembo. Alikivuta, akakaza fundo kwa nyuma, akakaza tena, mpaka ngozi ya paji la uso ikajikunja. Halafu alifumba macho kidogo, akayafumbua, akasema haya, nendeni mkaandae watoto. Tuliona hivyo asubuhi kwa asubuhi. Tulidhani ni ya jasho. Mtu mwingine akasema ni mtindo wa wakimbiaji wa zamani, na sote tukakubali, ingawa hakuna aliyewahi kumwona mkimbiaji wa zamani.

Kulikuwa na matembezi ya akina mama yaliyoandaliwa na makanisa, kutoka Kongowea kuzungukia Mkomani na kurudi, nasi tukaalikwa kama kikundi. Na mkiwa kikundi mtatokaje bila sare? Hapa kwetu hakuna arusi bila sare, hakuna matanga bila sare, hata kuchangia choo cha shule watu watauliza leso gani. Mama Neema, fundi wa nguo kikundini mwetu, ndiye aliyetoa wazo. Nguo kila mtu avae yake, alisema, ila kichwani tufunge kama Kocha. Ndiyo alama yetu. Tukashangilia. Mama Neema akanunua leso ya manjano yenye maua mekundu, akaikata vipande, akavishona pindo. Tukakubaliana tusimwambie, iwe ni mshangao.

Asubuhi ya matembezi tukakutana naye pale nguzo ya kwanza. Wanawake wote, vichwa vyote vimefungwa, fundo nyuma, kama yeye. Mama Neema akamkabidhi chake, kipya, kimekunjwa vizuri.

Kocha alikipokea, akatutazama kuanzia huku hadi kule. Alitutazama kwa muda mrefu mno kwa jambo la furaha. Kisha akacheka, akageuka kidogo kuelekea barabarani.

"Mmependeza," akasema. "Wallahi mmependeza."

Akakifunga. Picha ipo, nimeiweka kwenye simu yangu na siifuti. Sote tunacheka, na katikati yetu yeye, amekaza fundo kuliko sote.

Nyanyangu alijifunga kichwa vile vile. Mamangu alijifunga vile vile mwezi mzima kabla ya kuanguka. Hakuna mwanamke wa Pwani asiyejua kwamba kichwa kilichofungwa namna ile ni kichwa kinachouma. Tungemwona jirani yeyote, kwa mlango wowote, tungeuliza: pole, una nini? Kwa Kocha hatukuuliza, kwa kuwa alikuwa mwembamba, kwa kuwa alikuwa na filimbi, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kutuuliza sisi. Tuliuona ugonjwa wake, tukaushonea pindo.

Siku aliyoanguka hakukuwa na moshi. Upepo ulikuwa mzuri. Mimi wakati huo nilikuwa nimeruhusiwa kukimbia, tena nilikuwa na mbio, nacheka mwenyewe nikisikia raba zangu. Filimbi ikalia, tukakimbia. Sheria yake ilikuwa kwamba hatusimami kwa kuona nguzo, tunasimama kwa kusikia filimbi, kwa sababu watu wakiiona nguzo mbele huanza kupunguza mwendo mapema. Basi tukafika kwenye nguzo, filimbi kimya. Tukaipita. Mmoja akasema kwa kuhema, "Leo ametuamulia." Tukacheka, tukaongeza. Tulikimbia tukapita nguzo nyingine, na nyingine, na hakuna aliyegeuka nyuma, kwa sababu alitukataza kugeuka nyuma. Tulimtii vizuri sana. Aliyegeuka ni Njeri, na aligeuka kwa kuchoka tu, alitaka kuomba tusimame.

Alikuwa amelala kando ya barabara, mbali kule nyuma, karibu na nguzo tuliyoanzia. Dera lilikuwa limempanda magotini, ile suruali iko wazi. Mtu wa kwanza kufika hakuwa mmoja wetu, alikuwa yule dereva wa lori mwenye mdomo mchafu. Alishuka, akavua shati, akamfunika miguu. Hakusema neno. Tulipofika tukiwa tunahema, hakuna hata mmoja aliyeweza kusema sentensi nzima kumweleza kilichotokea, naye hakuuliza. Alimbeba akamweka mbele kwenye lori, mimi nikapanda, nikampakata kichwa mpaka hospitali. Huko wakampima. Nilikuwa nimepakata mkoba wake na nilisimama karibu na meza, kwa hiyo niliisikia namba.

Upande wa kulia ulikufa na ulimi ukawa mzito. Alikaa wodini, akarudishwa nyumbani kwake, akawa anatunzwa na binti wa yule mdogo wake aliyekufa. Kikundi kilijaribu. Mama Neema alishika filimbi asubuhi mbili tatu, lakini kila akichelewa kuipuliza watu waligeuka nyuma wote kwa pamoja, na haiwezekani kukimbia hivyo. Tukaacha. Tulikwenda kupimwa, wote, hata wembamba. Wembamba wawili wakakutwa na presha. Mimi yangu iko chini hadi leo, nameza, natembea, napanda ngazi bila kushika ukuta. Niko mzima kwa sababu yake. Sasa hasira yangu mtaielewa. Alijua njia, akatushika mikono mmoja mmoja akatupitisha mlangoni, yeye akabaki nje na mikoba yetu.

Nilikwenda kumwona mchana mmoja wa joto, nimebeba uji wa wimbi kwenye chupa. Chumba kilikuwa kidogo, kitanda ukutani, kiti kimoja cha plastiki katikati, kisha mlango. Filimbi ilining'inia kwenye msumari. Nikasema shikamoo, nikangoja marahaba, ikaja nusu. Binti alikuwa amechoka, anataka kulia.

"Hospitali walisema atembezwe humu ndani kila siku, mama. Mimi namshika, namvuta mpaka mlangoni, yeye anakaza mguu. Hataki. Jana amenipiga kwa ule mkono mzima."

Nikamtazama Kocha. Alinitazama kwa lile jicho lake la kutazama migongo. Nikaelewa, nikaona haya kwamba ilinichukua hata muda ule mfupi. Nikaitoa filimbi msumarini.

"Kitandani hadi kwenye kiti," nikamwambia. "Halafu tunapumzika."

Hakukaza mguu. Nilimshika kiunoni, nikapuliza kidogo, akajikokota. Ilikuwa mbio, msinibishie, jasho lilimtoka. Tukafika kwenye kiti. Nilitaka akae, akakataa, akashika mgongo wa kiti kwa mkono wa kushoto, akasimama anahema. Kwake kupumzika si kukaa. Nikamngoja, kisha nikamuuliza.

"Kocha, jana jioni umekula nini?"

Mdomo ulivutika upande mmoja. Nadhani alikuwa anacheka.

"U... ji," akasema.

"Hujamaliza sentensi. Bado."

Tukangoja. Nje lori la mawe likapita na vikombe vikatikisika mezani. Nikamuuliza tena. "Uji... wa..." akasema, pumzi ikakatika. Nikamwambia bado, pumzika. Binti alinitazama kwa uchungu, kama namtesa shangaziye. Nami nilikuwa namtesa, labda. Kocha hakuniangalia kwa uchungu. Yeye alikuwa anangoja moyo ufike.

Hapo ndipo nilipokitazama kile kitambaa. Kilikuwa kile chetu, cha manjano, maua mekundu yamepauka, pindo la Mama Neema limeanza kufumuka. Alikuwa amefungwa na binti, au amejifunga mwenyewe kwa mkono mmoja na meno, sijui. Kilikuwa kimekazwa mpaka ngozi imejikunja. Nikamuuliza swali ambalo miaka yote hiyo sikumuuliza, wala yeyote kati yetu hakumuuliza.

"Kocha, kichwa kinauma?"

Alitazama mlango. Kifua kilipanda kikashuka, kikapanda, kikashuka polepole zaidi. Kisha akasema, ulimi mzito, kila neno likivutwa kivyake, lakini pumzi ikiwa moja tangu mwanzo hadi mwisho:

"Kilikuwa kinauma kabla hamjashona hizo sare."

Binti alijishika mdomo. Tangu hospitali alikuwa hajamsikia akisema maneno mengi hivyo. Mimi nilitaka kumpigia magoti, na nilitaka kumzaba kofi, na machozi yalikuwa yananitoka na sikuwa na mkono wa kuyafuta. Kocha hakunipa nafasi ya lolote kati ya hayo. Alikuwa ameuachia mgongo wa kiti, jicho lake liko kwenye filimbi mkononi mwangu.

Alikuwa amemaliza sentensi. Nikasogea nyuma yake, nikamshika kiuno, nikaweka macho mgongoni mwake, nikapuliza.